Chini ya Jiwe la Rangi ya Maji

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitindamimba uliyesimama mlangoni kama mgeni, ingia ukae, maana aliyekuita ni mimi na nyumba hii ingali yangu mpaka nifumbe macho. Mkono wangu wa kulia, uliochora mabango ya maduka miaka arobaini, haunitii tena. Siumwi, siogopi, nasema tu kama mtu anayesoma bango la mwenzake.

Nyumba mgawane sawa, nyote watatu. Watatu, nimesema; kifunguamimba, usinikunjie uso. Brashi zangu achukue wa kati. Meza ya jikoni ni ya kitindamimba, na sababu yake ndiyo wosia wenyewe.

Miaka sita tuliizunguka meza ile kila Jumamosi mchana kwa mchezo wetu wa kete na karatasi, mimi msimulizi, nyinyi mashujaa wa kubuni: mkubwa askari wa mkuki, wa kati mchawi, tena mchawi mwema, alisisitiza hivyo kila mara, na mdogo mwizi wa funguo. Mkaniomba niwachore pamoja kwa rangi ya mafuta. Mkubwa akasimama na mpini wa fagio, ngao yake kifuniko cha sufuria, akisema, "Mama, ongeza kifua," nami nikaongeza, maana kifua cha brashi hakina gharama. Mdogo alikaa juu ya meza akichezesha funguo za kabati, akicheka hata sikuweza kuushika mdomo wake kwa brashi.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Mwizi akawafungulia adui lango, askari akafa. Wewe mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, ukapindua meza, ukasema kikulacho ki nguoni mwako na kwamba huli tena na nyoka sahani moja. Nakuuliza leo: lango lile lilikuwa wapi? Kwenye karatasi. Damu ile ilikuwa ya nani? Ya kete. Lakini aliyefungasha nguo akaenda kwa shangazi yake alikuwa dada yako wa tumbo moja, na wiki haijaisha ukaniambia, "Mfute pichani, mama. Asiyekuwepo na lake halipo."

Nami nikamfuta. Mahali pake nikachora jiwe.

Sasa sikilizeni, pumzi haitoshi kurudia. Sheria yetu mnaijua: msimulizi akimpa mchezaji kikaratasi cha siri, hakisemwi mpaka hadithi iishe. Asubuhi ile nilimpa mdogo wenu kimoja. Niliandika: fungua lango. Nilitaka hadithi ichangamke, basi. Ulipopindua meza hadithi haikuisha, naye akafunga mdomo, miaka kumi na mmoja, kwa sababu alikuwa mchezaji mwaminifu kuliko sisi sote. Mimi siku ya kwanza nilinyamaza kwa ajili ya mchezo, ya pili kwa aibu, na kuanzia ya tatu ikawa mazoea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga jiwe. Ningepaswa kulia hapa. Sioni chozi.

Mkubwa, ishushe picha ukutani. Wewe, si mwingine. Jiwe lile ni rangi ya maji niliyoitia sabuni kidogo ishike juu ya mafuta; sikuwa na moyo wa kumfuta kweli. Chukua kitambaa chenye maji, kikamue vizuri, pangusa kuanzia pembeni, polepole. Usikwangue. Utaanza kuona funguo, kisha vidole.

Nipeni maji... yatosha. Mungu awaweke pamoja mezani, awape... awape kucheka. Wa kati, nishike mkono huu, wa kushoto, huo mwingine hausikii.

Mimi ndiye msimulizi, na nasema hadithi imekwisha.

Kitindamimba. Waoneshe kikaratasi.