Usumani Nsabimana, Dereva Asiyemwacha Abiria Njiani

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuendesha teksi mjini Kigali, Mzee Usumani Nsabimana alistaafu tarehe 31 Desemba 1993. Ushirika wetu wa madereva ulimuaga kwa chai, sambusa na maneno machache, kwa kuwa mwenyewe alikataza hotuba ndefu. Haya yaliyobaki ameruhusu yaandikwe.

Alizaliwa Biryogo, akaanza kazi mwaka 1966 na Peugeot iliyokuwa imezeeka kuliko yeye. Wakati huo barabara za lami mjini zilihesabika kwa vidole. Alijifunza vilima vyote kwa masikio: akisikia injini inavyolalamika, alijua bila kutazama kama yuko Gisozi au Kimihurura.

Asubuhi aliwapeleka watu wa maofisini, mchana akawarudisha akina mama kutoka sokoni pamoja na vikapu vyao, na wakati mwingine kuku wao. Hakuuliza habari za mtu, lakini watu walimweleza. Alijua nani anaoa, nani amefiwa, nani amegombana na mkwewe, na siri zote hizo zilibaki ndani ya gari.

Kwa miaka miwili alimbeba mama mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi ubalozini. Mama huyo alitaka Kiswahili, na mwalimu wake akawa Mzee Usumani. Siku moja aliwaalika wageni nyumbani, na walipokuwa wakiondoka aliwapungia mkono mmoja mmoja, akiwaambia kwa furaha, "Funga mlango polepole!" Alikuwa akiyasikia maneno hayo kila anaposhuka kwenye teksi, akaamini ndiyo kwaheri ya Waswahili. Mzee Usumani hakumsahihisha. Alisema ni kwaheri nzuri pia.

Lakini sifa yake kubwa ni ya Oktoba 1990, vita vilipoanza na bariyeri, vizuizi vya askari, zikajaa barabarani. Alasiri moja alimchukua mjini Bi Mukarugwiza, fundi cherehani, aliyekuwa akipeleka sare za shule Gisozi. Kwenye bariyeri iliyo bondeni, dada huyo alipekua mkoba wake wote, akakuta kitambulisho amekisahau nyumbani. Askari wakamshusha na kumwambia dereva, "Wewe endelea. Huyu anabaki."

Mzee Usumani akajibu, "Sawa, afande," akawasha gari. Gari haikuwaka. Akashuka, akafungua boneti, akainama humo muda mrefu. Sisi madereva tunajua alichofanya: ufunguo hakuuzungusha mpaka mwisho, kisha chini ya boneti akachomoa waya mmoja na kuutia mfukoni.

Gari ilikaa katikati ya njia kwa saa mbili. Nyuma yake foleni ikapanda kilima, honi zikilia. Kila alipoulizwa, alijibu kwa upole, "Imegoma, afande. Iko mzee kama mimi." Wakati wa swala ulipofika alitandika mkeka wake kando ya barabara, akaswali, kisha akarudi kuinama kwenye boneti.

Mwishowe mkubwa wa pale akaja mwenyewe. "Huyu mwanamke ni nani wako?"

Angeweza kusema ni dada yake au mke wake. Alisema, "Ni abiria wangu, afande. Huko aendako wanamngoja. Nikifika bila yeye, niseme nini?"

Mkubwa aliitazama foleni, akamtazama yule mzee mwenye mikono ya grisi. "Mchukue abiria wako," akasema, "na uondoe bati lako hapa!"

Waya ukarudi mahali pake, lakini kwa adabu gari ilingoja kwanza isukumwe. Askari wawili wakaisukuma. Mzee Usumani akisimulia kisa hiki huwa anacheka tu jinsi alivyosukumwa na jeshi. Bi Mukarugwiza hacheki. Anasema alilia mpaka Gisozi, na dereva alimbebea mzigo wa sare mpaka mlangoni.

Wengi wameuliza kwa nini ameacha kazi mapema, na bado angeweza kuendesha miaka mitatu au minne. Jibu ni hili. Katikati ya Desemba, asubuhi kweupe, alikuwa akielekea Busanza pale ng'ombe alipovuka barabara. Alifunga breki, pembe ikagusa taa. Hakuna aliyeumia, na abiria alikuwa anasoma gazeti, hakujua lolote.

Kesho yake, kabla hatujafungua ofisi, tulimkuta amesimama mlangoni. Aliweka ufunguo mezani kwa mwenyekiti wetu, Bwana Gasana, akasema, "Jana ng'ombe aliniona kabla mimi sijamuona. Mwingine atakayevuka anaweza kuwa mtoto." Tulimsihi ajaribu miwani. Daktari wa macho alisema ukweli uleule aliousema yeye. Wiki mbili zilizobaki alikuja kila siku kupanga magari kituoni, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya mwisho alikubali nimrudishe kwa gari nyumbani kwake Nyamirambo. Aliketi mbele, mikono magotini. Kwenye kila mteremko niliuona mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Tulipofika, mkewe Yasmina alikuwa amesimama barazani. Mzee Usumani hakushuka mara moja. Alipapasa dashibodi kama mtu anayempapasa mnyama aliyemtumikia vizuri, akaniambia, "Unaendesha vizuri, Silvère. Ila punguza mwendo kidogo. Kuna watu wanatembea kwa miguu."

Ahsante, Mzee wetu. Umewafikisha wengi makwao. Sasa kaa kwako, upumzike na Bi Yasmina, na miaka iliyobaki iwe mirefu na ya amani.

Silvère Gatera, katibu wa ushirika
Kigali, Januari 1994