Maoni ya Hema la Wadau

Mheshimiwa Masunga, mgeni wetu rasmi kwa mara ya pili. Mkuu wa Shule, uliyetukubalia bwalo lako baada ya kuona tulivyouacha uwanja wako mara ya kwanza. Mwalimu wetu Mzee Malimi, uliyetoka Migato na fimbo yako, ambayo siku hizi ni ya kutembelea tu. Mwenyekiti wa kamati tunayemuaga leo, Ndugu Constantine Luhende. Ndugu zangu wa hema la Waheshimiwa, wa hema la Wataalamu na wa hema la Wafanyabiashara. Na ninyi wenzangu wa hema la Wadau: mwadila!

Naona mmeitikia. Hata waliotoka Dar es Salaam wameitikia, ingawa walitazamana kwanza.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Specioza Mwandu wa Kasoli. Nalima pamba na nina mashine ya kukoboa mahindi. Siku ya mkutano wetu, kamati ilipotugawa mahema kwa vyeo, iliitazama mashine yangu ikaona haijafikia kuitwa biashara, ikanipeleka hema la Wadau. Mdau ni mtu ambaye kamati inafurahi kwamba amekuja, ila haijui amweke wapi. Leo wamenipa kazi ya kuwaletea maoni yenu juu ya mkutano wetu mkubwa wa waliosoma hapa, ili tumuage Mwenyekiti tukijua alichotufanyia. Nimeyapokea kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na kwa kushikwa mkono sokoni Bariadi nikiwa nachagua dagaa.

Nianze na mepesi. Wengi mmesema pilau lilinukia vizuri sana. Hayo ni maoni ya hema la Wadau, ambako harufu ilifika. Hema la Waheshimiwa wamesema lilikuwa na chumvi kidogo, na sisi tunawaamini, maana hatuna la kulinganisha. Kuhusu fulana, mmelalamika kwamba zilibana. Ndugu zangu, fulana zilishonwa kwa vipimo mlivyotaja wenyewe, na kila mmoja wenu alitaja kipimo cha mwaka aliomaliza shule. Fundi atalaumiwaje? Na Dokta Justina ameniomba niseme kwamba vumbi lilikuwa jingi. Dada Justina, vumbi la Simiyu halikualikwa. Sisi ndio tulilifuata.

Sasa nije kwenye zito, ambalo hakuna aliyelitaja ila kila mtu alilifanya.

Huku kwetu, wazee wetu hawakuwa na utaratibu wa kukusanya maoni. Msimu wa mavuno, makundi yetu mawili ya ngoma hushindana: Wagika hucheza upande mmoja wa uwanja na Wagalu upande wa pili, ngoma zote mbili zikilia kwa wakati mmoja. Hakuna anayeulizwa ameridhika kwa kiasi gani. Mtazamaji akiona upande huu umepoa, anahamia ule. Jioni inapofika, ngoma iliyobaki na watu ndiyo iliyoshinda, na iliyobaki na vumbi inafunga ngoma zake inakwenda kutafuta dawa ya kuvuta watu mwaka ujao. Je, siku ile tulifanya nini, kama si hivyo hivyo? Tulikuja na fulana na simu za gharama, tukasahau kwamba miguu yetu ni ya Kisukuma.

Mnakumbuka ratiba. Mwenyekiti alisimama jukwaani kusoma Historia na Mafanikio ya Kamati, na historia ile ilikuwa ndefu kuliko historia ya shule. Mwalimu Malimi naye alikuwemo kwenye ratiba, chini kabisa, penye maneno haya: "Neno fupi la Mwalimu, muda ukiruhusu." Ndugu zangu, mtu aliyetufundisha hesabu, akatuamsha kwa kengele, akatukamata ukutani tukirudi kutoka disko, leo anasubiri muda umruhusu! Muda haukumruhusu. Mzee wetu akainuka kimya kimya akaenda kuutazama uwanja wa paredi. Akasimama pale penye mlingoti, mahali pake pa siku zote.

Mwenzetu Nyamizi alikuwa anapita kutafuta maji ya kunywa. Akamwona, akapiga goti, akamwamkia. Mwalimu akamuuliza kwa heshima ya mama, "Wewe ni nani, mayu?"

"Nyamizi, mwalimu."

"Mbona umesimama mahali pa Eufrasia? Nenda mahali pako."

Nyamizi ana wajukuu, jamani. Anaogopwa na mkwewe na anaogopwa na mchungaji wake. Lakini aliondoka mbio akaenda kusimama mahali pake. Eufrasia akasikia jina lake, naye akatoka hema la Wafanyabiashara. Ndipo mwalimu akaanza kuita majina, kama alivyoita kila asubuhi, na kila jina likaondoka na mtu wake hemani.

Mimi niliitwa nikiwa bado natafuta kiatu. Nilipofika mstarini nikajikuta nimesimama bega kwa bega na Justina. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka yote, yeye juu mimi chini, na asubuhi nzima ile nilikuwa nampungia mkono toka hema la Wadau kama mtu anayemsindikiza msafiri stendi. Pale mstarini akanishika mkono, na hakuuachia. Nililia, sifichi. Na yeye alilia, ingawa ameniambia niseme ni vumbi.

Kufikia hapo hema la Wadau lilikuwa tupu. Mpiga muziki akaacha mitambo yake akaja. Mpiga picha akaingia mstarini, naye hajawahi kusoma shule hii. Waliomaliza miaka ambayo mwalimu alikwishastaafu wakapanga mstari wao pembeni, wakimbembeleza awaite na wao.

Kisha mwalimu akaita, "Masunga!"

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba radhi, lakini haya ni maoni ya washiriki na siwezi kuyachuja. Ulikuwa umekaa mbele ya jukwaa kwenye kiti chenye kitambaa. Tulikuona unainuka, tukakusikia unapaza sauti, "Nipo, mwalimu!" na tukakuona unakuja mbio na suti yako, walinzi wako wakikufuata huku wakiangalia nyuma kutafuta adui. Mwalimu akakutazama akasema, "Umechelewa. Kaa nyuma." Ukakaa nyuma. Tangu siku hiyo watu wa Zagayu hadi mjini wanakusifu, na barabara bado hujatujengea.

Na jukwaani alibaki nani? Alibaki Mwenyekiti, na kipaza sauti chake, na viti. Tena mwalimu akaita: "Constantine!" Kipaza sauti kikaendelea na mafanikio ya kamati. "Constantine ng'wana Luhende!" Sisi tulimwona, lakini yeye hakusikia, maana anayesema kwenye kipaza sauti husikia sauti moja tu. Mwalimu akatikisa kichwa akasema, "Hayupo," akaendelea na jina jingine.

Ndugu zangu, mkutano ule kila mtu alikuwepo. Aliyekosekana ni mmoja, naye ndiye aliyeuandaa.

Nawasikia mnacheka. Chekeni, mimi mwenyewe nilicheka njia nzima mpaka Kasoli. Lakini jioni ile ile Ndugu Constantine alijitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. Aliacha neno moja: "Nimewaelewa." Tangu hapo hapokei simu. Leo amekuja kwa sababu mkewe, dada Jenifer, amemshika mkono, na sisi tumemwandalia saa ya ukutani na keki, tumuage aende zake. Aende wapi? Yeye anadhani tulihama kwa sababu hatumtaki.

Mwenyekiti, sikiliza maoni yaliyobaki, haya si ya mzaha. Ni nani aliyezunguka na pikipiki kumtafuta kila mmoja wetu, mpaka waliokuwa hawajulikani kama wangali hai? Ni nani aliyepaka chokaa mawe ya uwanja ule wa paredi kwa mkono wake, ili mwalimu akute mistari? Ni wewe. Ngoma iliyokushinda uliipamba mwenyewe. Ulikosea jambo moja: ulidhani waliopanda vyeo hawatakuja bila kutengewa viti.

Na ninyi mnaoitikia "kweli, kweli" kwa nguvu hivyo, nani alimpa wazo hilo? Nani alipiga simu kabla hajakata tiketi akauliza, "Nimewekwa wapi?" Nani alisema yeye hawezi kukaa jua moja na walimu wa shule za msingi? Nisitaje majina, mwenye kazi ya kutaja majina yupo hapa. Hata sisi wa hema la Wadau, tulianza kuhubiri usawa tulipoona pilau linapita mbali. Tungewekwa mbele, tungesema mahema yamepangwa kwa hekima.

Kwa hiyo, kabla saa haijatolewa na keki haijakatwa, nina ombi. Mwalimu, shikamoo. Siku ile ulisema mmoja hayupo. Nakuomba, mzee wetu, umwite tena. Hapana, kipaza sauti usipewe. Mwacheni aite kwa sauti yake.

Mmesikia? Ameita.

Mwenyekiti, usinitazame mimi. Si mimi niliyekuita.

Tulieni. Dada Jenifer, usimsukume, mwache. Tulieni kabisa.

Naam! Mmemsikia? Waliokaa mlangoni mmesikia? Amesema "Nipo." Amesema kwa sauti ndogo, kama siku ile tukiwa wanafunzi alipovunja kioo cha maabara, lakini amesema. Na mwalimu amemjibu nini? "Umechelewa. Kaa nyuma." Mheshimiwa Masunga, wewe leo umekaa nyuma bila kuambiwa, msogelee mwenzako, mpe nafasi hapo nyuma.

Mkuu wa Shule, wabeja sana kwa bwalo. Wapishi, mwabeja, leo pilau lianzie mlangoni. Saa ya ukutani itundikwe hapa hapa, maana anayeagwa hatumuagi tena. Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho. Ndugu zangu, viti havina majina leo: kila mtu akakae na yule aliyekuja kumfuata.