Nesi Arlys Dvoracek na Kadi za Vitanda vya Taa

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Nesi Arlys Dvoracek anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika zahanati ya wanafunzi ya Chuo cha Prairie Bluff. Mimi, Gwen Stolle wa mapokezi, nimefanya kazi naye miaka ishirini na tisa, ndiyo maana nimepewa jukumu la kumzungumzia. Mengine nimeyaacha, maana atasoma.

Alikuja akiwa na sauti kubwa na mikate mitamu ya plamu. Katika dhoruba ya theluji ya 1996 alitembea maili mbili kuja kazini, akakuta chuo kimefungwa. Akafungua zahanati hivyo hivyo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mkuu wa chuo mwenyewe, ameteleza ngazini.

Wakongwe mtaikumbuka mifuko ya Agosti. Wafanyakazi wote tuliketi sakafuni tukiwafungashia wanafunzi wapya: mswaki, plasta, na kadi za wafanyabiashara wa mjini. Kadi ya piza, ya kinyozi, na ya kulala bure mara tatu kwenye vitanda vya taa, vyenye taa kali zinazochoma kama jua, ili ngozi nyeupe iive rangi ya kahawia kabla ya likizo ya Machi ya kwenda ufukweni. Hakuna aliyefungasha haraka kama Arlys. Tulicheka sana siku zile, na kadi hatukuzisoma.

Februari 2004, Maren Oltmanns, mchezaji wa voliboli wa mwaka wa pili, alikuja na kikohozi. Arlys alipokuwa akimsikiliza mapafu, aliona mgongoni baka jeusi lenye kingo zisizo sawa. "Hili lina muda gani, mwanangu?" Wiki haikuisha, Maren alikuwa kwa daktari wa ngozi. Ilikuwa saratani ya ngozi, aina ambayo taa za vitanda vile huweza kuileta.

Alipokuja kutolewa nyuzi za upasuaji, Maren alisema bila hasira: "Nesi, kadi yangu ya kwanza ya vitanda vya taa niliitoa kwenye mfuko wenu. Nikajua nyie hamwezi kutupatia kitu kibaya." Arlys aliingia stoo. Nilimsikia akilia.

Agosti ile sanduku la kadi za vitanda vya taa likaletwa tena. Mkubwa wetu wa wakati huo alisema wafanyabiashara ni marafiki wa chuo, zitiwe. Tukazitia, naandika hili kwa aibu. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Arlys alisubiri tumalize, kisha akafungua mifuko yote elfu moja na mia mbili, akachomoa kadi moja moja. Mwaka uliofuata hazikuletwa.

Tangu hapo, kila Machi aliweka meza kwenye ukumbi wa chakula, na kamera inayoonyesha madhara ya jua yaliyojificha kwenye ngozi. Wavulana walimchokoza: "Nesi, unataka tuende ufukweni weupe kama maziwa?" Naye: "Nendeni, wanangu. Maziwa hayana kovu." Majengo matatu ya kupangisha yalikuwa yakijisifia vitanda vya taa vya bure kwa wapangaji. Arlys aliisumbua ofisi ya makazi miaka tisa, kwa barua na kwa mikate ya plamu, hadi chuo kikakataa kuyatangaza. Jengo la mwisho liliondoa vitanda vyake mwaka 2016.

Sifa hizo hazijamtuliza. Mwezi uliopita aliniambia hajawahi kumwomba Maren msamaha. Kila akishika simu, moyo unakataa. Nikakosa adabu, nikamwandikia Maren mimi. Siku hizi ni kocha huko Omaha, mama wa watoto wawili. Jibu lake ni hili, na Arlys analisoma leo pamoja nanyi:

"Mgongo wangu kocha aliuona, wenzangu waliuona, hata mama aliuona. Aliyeuliza ni Nesi Arlys peke yake. Mwambie apige simu. Nimemkumbuka."

Arlys, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na kicheko. Namba ya Maren iko mezani kwangu, na kiti nimeshakuvutia.