Siku Tuliyoosha Saa ya Baba Yake Nafuna

Benchi yetu hapa Gatina, Nairobi, imeegemea karakana ya Sifuna. Siku sita yeye huchomelea milango. Ya saba, akitoka kanisa, anafufua saa kuukuu kwa raha zake tu, ndio tukamwita Sekunde. Jumapili hii alitoa nje mashine yake ya kuosha saa: mota juu, kikapu kidogo cha waya chini yake, na chupa tatu za kioo. Imetuzidi umri sisi wote. Mimi tangu mwanzo nilisema ni takataka, na nilisema kwa sauti.

— Soko la Gikomba nilipata mbili, akasema Sekunde. Moja ilikuwa inang'aa lakini mota imeshika, haizunguki. Hii ina kutu, lakini ukigusa na kidole inazunguka vizuri. Nikabeba ya kutu.

— Dada yangu alichagua bwana hivyo hivyo, nikasema.

— Cheka tu. Kaboni za mota zimetoka kwa drili ya Injinia. Kanyagio ni la cherehani ya Bishop. Chupa moja ilikuwa imepasuka, Nafuna akanipea ya jam. Aki asanteni. Peke yangu singeweza.

Injinia ni Okello, na darasa la uinjinia hajawahi kuliona. Bishop ni Jeconia, fundi wa nguo mwenye methali nyingi kuliko wateja. Nafuna ndiye hutuuzia kahawa. Aliweka thermos chini, akafungua leso, akatoa saa ya mkono.

— Ya marehemu baba. Alikuwa soja wa geti miaka ishirini na mbili. Ilinyamaza mwaka juzi. Sekunde, sina kitu kingine chake.

Sekunde aliifungua polepole.

— Tunaosha vyuma vya ndani peke yake. Chupa ya kwanza sabuni, mbili za kusuuza, halafu tunakausha na joto la balbu. Huu uso wenye namba hauguswi.

— Kwani saa husimama kwa nini? nikauliza, na nikajuta papo hapo.

— Jasho, akasema Bishop. Jasho la soja lina chumvi ya hasira.

— Wapi! Ni network, akasema Injinia. Tangu walete mlingoti pale juu, saa zimechanganyikiwa.

— Buda, ni dunia imeongeza mbio, akasema Bishop. Saa ya zamani inachoka kuifuata. Na wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hivyo inamisha hiyo mashine kidogo.

Sekunde akatia vyuma kikapuni, akaacha uso juu ya benchi, akaingia ndani kutafuta balbu. Hapo ndipo Injinia aliuokota ule uso.

— Na huu si una jasho pia? Mchelea mwana kulia hulia yeye!

Akautupa kikapuni, akakanyaga. Mashine ikanguruma vizuri ajabu. Sekunde alirudi mbio, akainua kikapu. Vyuma vilikuwa vinang'aa. Uso ulikuwa mweupe pepepe, hakuna namba hata moja.

Hakuna aliyekunywa kahawa.

— Ni mimi, akasema Injinia. Nafuna, ni mimi. Nisamehe.

Sekunde alisuuza, akakausha, akaunganisha, akatia mafuta kwa ncha ya sindano. Akaitia saa ufunguo. Akampa Nafuna bila kumwangalia.

Nafuna aliiweka sikioni. Machozi yakamtoka, nasi tukajua tumekwisha.

— Ni hii, akasema. Ni hii kabisa! Baba hakujua kusoma namba. Pale getini alikuwa anaiweka kwa sikio ndio asilale. Nikiwa mdogo nilikuwa nalalia mkono wake naisikia ikigonga hivi. Mungu awabariki. Hata wewe, Injinia, na huo wazimu wako.

Akatumiminia kahawa sote mpaka thermos ikakauka. Nami nikaiomba msamaha ile mashine, kwa sauti vilevile.

Ndipo akaja Adhis, msusi wa kibanda cha pili.

— Niaje, kahawa iko?

— Imeisha, akasema Nafuna.

— Haya basi. Wah, Nafuna, saa safi hivyo! Kwani saa hizi ni saa ngapi?

Tuliinama sote. Mishale miwili ilikuwa inatembea juu ya weupe. Bishop akakosa methali. Injinia akatazama jua, jua likaingia wingu.

Nafuna akamsogezea Adhis mkono wenye saa.

— Sikiza tu, dada.