Karatasi ya Damu ya Tsofa

Kahawa ilikuwa imeshamiminwa mara ya pili pale kijiweni nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, alasiri ile Tsofa alipoitoa karatasi ya maabara mfukoni. Miaka kumi na tisa amekuwa bawabu wa jumba moja la mtaa wa Kizingo, mchana kutwa yuko kitini, na kwa siku tatu tumbo lilikuwa likimkata chini, upande wa kushoto. Akawaeleza wenzake maneno ya daktari: chembe nyeupe za damu zimepanda, na kipimo cha uvimbe kimepanda zaidi. Huenda utumbo mpana umeota vijifuko, na kimoja kimevimba.

Najmuddin muuza misumari, waliyemwita Nati, alisema vijifuko huletwa na mbegu za mapera. Dzoro, aitwaye Profesa kwa kuwa alifagia wodi miaka mingi, alikataa kabisa: huo ni upepo ambao Tsofa ameuzuia miaka yote langoni kwa kumstahi tajiri wake. Nati akasema basi, kama si mbegu, ni mwili wajijengea ghala.

— Daktari mwenyewe alisemaje? akauliza Dzoro.

— Umri, unene, sigara, kukaa sana, na mikate myeupe bila mboga. Jumatano nipigwe picha. Damu yasema pana uvimbe, haisemi ni wapi.

Wakacheka kidogo, wamwondolee wasiwasi. Tsofa hakucheka. Babake alikufa kwa tumbo, na hadi leo hakuna ajuaye lilikuwa na nini.

Hakumwona mkewe, Loise, aliyesimama nyuma yake na kikapu cha mchicha, akitoka sokoni.

— Baba Joy, mbona kijiwe kizima chajua, na mimi sijui?

Nati akaangalia kikombe chake. Dzoro akasogea, na Loise akaketi pale ambapo mwanamke hakuwahi kuketi. Akaichukua karatasi, akaipitishia kidole mstari kwa mstari, akiuliza kila tarakimu maana yake. Tsofa akamweleza zote, taratibu, mpaka zikaisha.

— Naogopa, Mama Joy.

— Najua. Siku tatu hulali, nami silali. Nilikuwa nangoja uniambie.

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani mwa kanga yake.

— Jumatano twenda sote, alisema, akamshika mkono kumwinua.