Shangazi Anakabidhi Daftari la Wapiga Kura

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Hivyo ndivyo tunavyomwita sote hapa ofisi ya uchaguzi, kuanzia dereva hadi mkurugenzi, na hakuna anayekumbuka nani alianza.

Aliingia kazini akiwa mpiga chapa wa baraza la madiwani, enzi ambazo mwananchi hakumchagua mbunge wake. Madiwani ishirini na mmoja walijifungia ukumbini, wakapigiana kura wao kwa wao, kisha Shangazi akaletewa jina moja alichape na kulibandika mlangoni. Baba yake, fundi cherehani mwenye duka ng'ambo ya barabara, alivuka kwenda kulisoma huku futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nyumbani alimwambia bintiye: "Mwanangu, nimezaa, nimezika, kodi nalipa. Mbunge wangu nimsome ukutani tu?"

Mwaka wake wa tisa kazini, katiba ilibadilishwa. Kifungu cha madiwani kilifutwa, na wabunge wakawa wa kuchaguliwa na wananchi wenyewe, kwa kura ya siri. Shangazi akakabidhiwa daftari la kwanza la wapiga kura, kurasa zake zote nyeupe.

Wiki zile za uandikishaji bado zinamchekesha. Kuna mwashi ambaye alama ya kidole chake iligoma kutokea, maana saruji ilikuwa imekwisha kukila. Shangazi alimrudisha nyumbani akaloweke mkono kwenye maji ya uvuguvugu na kuupaka mafuta, siku tatu mfululizo, mpaka dole gumba likasalimu amri. Bibi mmoja naye alitaka kumwandikisha mumewe aliyebaki nyumbani, eti ana haya. Aliambiwa aje naye, pamoja na haya zake zote.

Fundi cherehani alifika siku ya kwanza. Watu walimsihi apite mbele kwa kuwa ni baba wa karani. Akakataa, akapanga foleni, akaandikwa wa mia mbili na kumi na mbili. Siku kumi na moja kabla ya uchaguzi, alifariki.

Shangazi alirudi kazini siku ya nne baada ya mazishi. Sheria inataka jina la marehemu likatwe daftarini. Mwenzake mmoja, kwa huruma tu, akamwambia, "Liache, dada. Nani atajua? Utampigia wewe."

"Maisha yake yote wamemchagulia wengine," akajibu. "Leo nami nimchagulie?"

Akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka, akatia saini pembeni.

Siku ya kura alifungua kituo saa moja asubuhi, na watu walikuwa wameshazunguka jengo zima. Miaka mingi baadaye nilimuuliza aliionaje siku ile. Alisema kila aliponyanyua uso alimtafuta baba yake kwenye foleni, huku akijua hayupo. Akasema bado humtafuta, kila uchaguzi.

Chaguzi saba zimepita mikononi mwake, na hakuna kesi hata moja iliyosimama mahakamani kwa kosa la daftari lake. Sote ametufunza yeye. Mimi fomu yangu ya kwanza alinirudishia mara nne, na mara ya nne ilikuwa kwa ajili ya nukta. Wiki hii ameanza kuondoa vitu vyake mezani, kimoja kimoja, nasi tumeanza kumkosa angali yupo.

Shangazi, ahsante kwa majina ya watu uliyoyaandika bila kuyakosea. Uwe na afya, uwe na wajukuu wa kukusumbua, ulale mpaka jua likuamshe. Siku ya kura tutafungua milango kwa wakati. Wewe njoo bila haraka, usimame kwenye mstari kama mwananchi yeyote, uchague umtakaye.