Nilivyoisikia Kaseti ya Leokadia

Machi 1994, ndugu zangu, nilimpoteza binti yangu Leokadia. Alikuwa mtawa, amekwenda Hispania kusomea uuguzi. Wakamzika hukohuko. Bwana asifiwe! Nalisema hilo nikiwa nimechoka, lakini nalisema.

Kwetu Misungwi, watu wakija msibani huelezwa marehemu alianzaje kuugua, alisema nini, na nani alikuwa naye. Mimi sikuwa na la kueleza. Wifi yangu, shangazi yake Leokadia, aliuliza mbele ya watu wote, "Mtoto alianzaje?" Nikasema sijui. Akasema, "Umezaa wewe, halafu hata kifo cha mwanao hukijui!" Akaondoka kabla matanga hayajaisha.

Baadaye masista wa huko walileta begi lake, Agano Jipya lake la Kihispania, na kaseti. Sista aliyemuuguza alikuwa amesimulia yote humo, kwa Kihispania. Padre wa parokia yetu, anayejua lugha hiyo, alinisikilizia pande zote mbili, akaniambia, "Mama, alifariki kwa amani." Basi. Ndugu zangu, kaseti ndefu vile, na katikati sauti inalia! Nilijua amenihurumia. Sikumlaumu, ila usingizi uliniisha. Hata kusali niliacha. Nilibaki nakaanga mapanki tu pale Igogo mjini ninakoishi, vichwa na mifupa, maana minofu ya sangara ilikuwa ya viwanda.

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini habari za Lazaro katika Yohana nazijua vizuri. Humo mna mgonjwa, mna dada zake, mna kilio na kaburi. Nikawaza, maneno ya kaseti yatakuwa hayohayo. Nikaweka Agano la Leokadia kando ya langu la Kiswahili, nikawa nasoma mstari kwa mstari, kwa sauti. Kisha nawasha redio kaseti huku nakaanga. Betri zikichoka nazianika juani. Wateja walinicheka.

"Mama Leokadia, redio yako inatangaza bei ya sangara Ulaya?"

"Sangara kaenda huko, wewe umebakiwa na panki. Kula!"

Kwa miezi mingi ilikuwa kelele tu, kama mvua kwenye bati. Nilikata tamaa mara nyingi, siwadanganyi. Halafu siku moja nikasikia "enferma", mgonjwa. Nikarudi kwenye kitabu, nikarudi kwenye kaseti. Nikaongeza sura ya mwanamke Msamaria kisimani, likaja "agua", maji. Alikuwa ameomba maji! Polepole sentensi zikaanza kushikana.

Ndipo nikasikia alichokiacha Padre. Homa ilipompanda, Leokadia alipotewa na lugha yao, akawa anaongea Kisukuma. Hakuna aliyemwelewa. Yule sista alimshika mkono, na kila alipotamka neno alimjibu, "Sí, hija. Sí." Ndiyo, mwanangu. Mpaka akanyamaza.

Niliepua karai, nikakaa chini, nikalia. Inauma mpaka leo. Lakini Mungu ni mwema! Mwanangu alikuwa na wa kumwitikia. Siku ile nilisali, na nikalala usingizi. Ndugu yangu uliyechoka kama mimi, mwegemee Bwana hata kama bado humwelewi. Yupo, amekushika.

Jumapili iliyopita nilikwenda Misungwi kwa wifi. Nilimweleza tangu homa ya kwanza. Kila nilipotua aliitikia, "Ee." Nilipofika pale mtoto aliponyamaza, nilishindwa kuendelea.

Akanishika mkono. "Ee, wifi," alisema. "Ee."